Programu Iliyojua kwa Nini Sikai

Duka letu la vitambaa Kariakoo ni dogo kuliko choo cha jirani, kwa hiyo mzigo tunauweka stoo, kata jirani ya Mchafukoge, na mteja anachagua kwa picha kwenye simu yangu. Simu hiyo inashikwa na kila mtu. Ndiyo maana mambo yangu binafsi niliyasomea kwenye kivinjari nilichokichagua mwenyewe, kisichotunza kumbukumbu wala kuruhusu matangazo kunifuata. Nilijiona mjanja.

Basi nikapata bawasiri. Kukaa kulikuwa adhabu, na kusema kulikuwa adhabu zaidi, maana Kariakoo ikijua unaumwa sehemu hiyo, jina lako la ubatizo linakufa siku hiyo hiyo. Sikumwambia hata mke wangu.

Siku moja, kwenye programu ile ile ninayowekea picha za vitambaa, akatokea daktari anayeeleza tiba. Nikabonyeza kiungo chake. Ukurasa ukafunguka, nikadhani niko kwenye kivinjari changu. Kumbe programu ilinifungulia cha kwake, humo humo ndani, bila kuniuliza nataka kusomea wapi. Nikajibu maswali yake yote kwa ukweli ambao hata padri wangu hajawahi kuupata: panauma wapi, tangu lini, ukikaa au ukienda haja.

Wiki hiyo wakaja kinamama watatu wa kamati ya harusi, Wachaga, kuchagua sare. Nikawapa shikamoo, nikawakalisha kwenye benchi, mwenyewe nikasimama muda wote. Mkubwa wao akawaambia wenzake kwamba vijana wenye adabu kama huyu wamebaki wachache. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Simu ikapita mkono kwa mkono, kitenge baada ya kitenge, halafu ikatulia mikononi mwake.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kusomea misa: "Je, bawasiri inakunyima kukaa?" Akashusha kidole. Tangazo lililofuata lilikuwa la marhamu, kisha likaja la mto wenye tundu katikati. Nikajitetea kwamba matangazo hayo huwatokea watu wote. Mwenzake akafungua programu hiyo hiyo kwenye simu yake: yeye alikuwa anatangaziwa majiko ya gesi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na hasira yangu yote ilikuwa kwa ile programu mbea.

Mama akanirudishia simu kwa ncha za vidole, akanitazama nilivyosimama.

"Kumbe haikuwa adabu," akasema.