Mawe Yametoka, Moto Umebaki

Daktari alinipa mawe yangu ndani ya kichupa cha plastiki, kile cha kupimia mkojo, chenye kifuniko chekundu. Niliyahesabu pale pale kitandani: kumi na saba. Nikayahesabu tena: kumi na nane. Mke wangu akayamwaga juu ya leso yake, akahesabu kwa kidole, akasema ni kumi na saba na kipande. Tukaacha hapo. Mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo hana nguvu za kugombania kipande.

Nilidhani mambo yameisha. Karibu mwaka mzima ubavu wa kulia ulikuwa ukinishika kila nikila kitu kitamu, mpaka hospitali hapa Gitega wakaona kwamba kifuko cha nyongo kimejaa mawe, wakasema kitoke pamoja na mzigo wake. Nilikubali siku hiyo hiyo, na hiyo si tabia yangu. Nauza viatu vya mtumba Magarama, tunaviita chaguwa, na sikumbuki lini nilikubali neno la kwanza la mtu yeyote.

Wiki ya tatu moto ukaanza. Niliinama kumpimisha mteja kiatu, maji machungu yakapanda kutoka chini ya kifua mpaka kooni, macho yakanitoka. Mteja akavuta mguu wake, akaunusa kwa siri. Nikamwambia si mguu, ni mimi. Hakuamini. Alinunua bila kubishana, akaondoka haraka, na nikabaki nimekaa kwenye kigoda nikijiuliza: mawe yametoka, kifuko kimetoka, sasa ni nini kinachoungua, na kinaungulia wapi?

Nikarudi kwa daktari na swali hilo. Alikuwa mvumilivu. Akaniambia kile kifuko kilikuwa mahali pa kuwekea nyongo. Sasa nyongo haina pa kukaa, inachuruzika muda wote, na kuna watu ambao tumbo lao linakasirika kwa hilo, asidi inapanda, ndicho hicho kiungulia. Hapo nilielewa kidogo: stoo imevunjwa, lakini magari bado yanaleta mzigo, na mzigo unashushwa barabarani. Halafu akanipa masharti. Kidonge kimoja asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Kula kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Mafuta mbali. Usijilaze mpaka masaa matatu yapite baada ya kula.

Kosa langu liko hapo, nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta. Mimi nikisikia sharti, masikio yangu yanasikia bei ya kuanzia. Kabla sijafika Mushasha, pale kwenye kanisa na shule, nilikuwa nimeshashusha mara tano kuwa mara tatu na masaa matatu kuwa moja na nusu. Na kile kidonge cha tumbo tupu, nani amewahi kusikia? Tangu utoto dawa inanywewa baada ya kula, ukinywa bila chakula inakutoboa. Nikaona daktari amezidisha tu. Nikakihamishia baada ya kula, nikajiona nimefanya biashara nzuri.

Wiki zilizofuata nilichanganyikiwa kwa utaratibu mzuri kabisa. Nilichukua kifuniko cha boksi la viatu, nikapiga mistari, nikawa naandika nilichokula na kama moto umekuja. Jumanne, sombe ya majani ya muhogo na mawese: moto. Alhamisi, sombe ile ile, chungu kile kile: kimya. Ijumaa sikula sombe wala mawese, nilikula ndizi mbili za kuchemsha: moto mpaka masikioni. Nikahesabu mistari mara mbili nikidhani nimeruka siku. Sikuruka.

Na ushauri haukukosekana. Muuza vitenge wa jirani alisema maziwa baridi. Nikanywa, yakazima moto kwa robo saa, halafu moto ukarudi na ndugu zake. Fundi cherehani alisema majivu ya kuni kwenye maji. Shehe mmoja mteja wangu alisema nipunguze hasira. Nikamwambia sina hasira. Akasema ndiyo hiyo.

"We unaandika sana," mke wangu aliniambia, akichanganya Kifaransa kama wengi wa hapa, "mais hausikii. Daktari alisema nini juu ya kidonge?"

"Nakunywa kila siku. Nimehesabu, hakuna hata kimoja kimepotea."

"Sijauliza viko ngapi."

Lakini alikuwa na kazi zake, hakuendelea kuuliza, na mimi sikuendelea kujibu.

Katikati ya hayo, mpwa wangu akapata mchumba Muyinga. Baba yake alishafariki, mama yake ni dada yangu, kwa hiyo mshenga ni mimi. Nani mwingine? Familia nzima inasema nikipewa mtu wa kubishana naye, narudi na mtu huyo na kiti alichokalia. Binti ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na watu wake ni Waislamu waliorudi kutoka Tanzania, walikaa Kigoma miaka mingi, Kiswahili chao kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Sisi wa Gitega tukiongea mbele yao tunajisikia tumevaa viatu vya miguu tofauti.

Tulikwenda mara ya kwanza kupitia Karuzi. Barabara ina kona, na kwenye kila kona maji machungu yalipanda kuangalia tumefika wapi. Tulipoingia kwa akina binti, kifua kilikuwa kinawaka. Wakaleta pilau inayong'aa mafuta. Kisha bibi yake binti, mama mzazi wa baba mwenye nyumba, akaja mwenyewe na birika la chai ya tangawizi. Akamimina, akaonja mbele yangu, akanipa kikombe.

Huku kwetu anayemimina anaonja kwanza, ili mgeni ajue hamna kitu ndani. Baada ya hapo mgeni anakunywa. Akiacha, ameshasema neno ambalo hakuna mtu anayetaka kulisikia nyumbani kwake: kwamba anaogopa atawekewa sumu. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Na bado nilikiweka kikombe chini, nikasogeza sahani, nikasema, "Nimeshiba, Bibi."

Kwa nini sikueleza? Kwa sababu siku ya posa watu wanauliza kuhusu ukoo, kuna maradhi gani, nani alilala hospitali. Niliona nikisema nimepasuliwa, watahesabu ugonjwa wangu kwenye damu ya mpwa wangu. Nikaficha. Mazungumzo yakawa mafupi na ya adabu sana, adabu ile inayotisha.

Siku nne baadaye baba wa binti alipiga simu. Alisema kwa upole kwamba mama yake amesema nyumba ambayo chai yake hainyweki haiwezi kutoa mke. Tusihangaike tena na safari.

Mpwa wangu akaja dukani. Hakukaa. Alianza kupanga viatu, kushoto na kulia, kushoto na kulia, kazi ambayo nilikuwa nimeshaimaliza.

"Mjomba, ilikuwa chai tu?"

"Chai na pilau."

"Mais chai ilikuwa kikombe kimoja?"

"Kimoja."

"Hata kidogo haukuonja?"

"Hata kidogo."

Akaweka kiatu chini, akakitazama. "Mi nimemungojea huyu miaka miwili," akasema. "Kikombe kimoja."

Nilitaka kumpa jibu, nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza sina hata bei ya kuanzia. Jioni nikamweleza mke wangu kwamba nitarudi Muyinga kuomba radhi, ila sijui niseme nini bila kutaja operesheni. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Peleka mawe."

"Mawe gani?"

"Yako. Kichupa kiko juu ya kabati. Wanafikiri unawaogopa wao, donc waonyeshe kitu unaogopa."

"Watasema ukoo uko na ugonjwa."

"Na sasa wanasema nini?"

Nikapiga hesabu hiyo mara mbili. Zote mbili zilimpa yeye haki.

Safari ya pili tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, na kichupa mfukoni kikilia kila gari likiruka shimo. Baba wa binti alitupokea mlangoni bila tabasamu wala kisirani. Bibi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Nilisalimia, nikaketi mbali kidogo, nikaweka kichupa mbele yake.

"Bibi, mi sikukataa chai yako. Nilikatazwa na hii."

Akavaa miwani. "Nini hiki?"

"Mawe. Yalitoka tumboni kwangu. Walinipasua, wakatoa na kifuko chake, na tangu hapo nikila nawaka moto hapa kifuani. Siku ile niliona haya kusema. Niliogopa mutasema ukoo wetu uko na maradhi, mumunyime kijana."

Alifungua kifuniko, akamwaga mawe mkekani kama mtu anayemwaga karanga. Akayatenga mawili mawili, midomo ikitembea.

"Kumi na nane."

"Mi nilipata kumi na saba, Bibi."

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili, na bado umekosea." Akayarudisha kichupani kwa kiganja. "Wewe mshenga ni mjinga. Mimi nalala nimekaa kama kuku tangu tuko Kigoma, kwa sababu ya kiungulia hicho hicho. Nikijilaza tu, kinanipandia. Umewahi kusikia mtu amekuja kuuliza kama wajukuu zangu wanaozeka?"

Baba wa binti akakohoa. Nadhani ilikuwa ni cheko lililobadilisha njia.

Bibi akaita jikoni walete chakula chake, siyo cha wageni. Ikaja sahani moja: wali mweupe na maharage ya kuchemsha, hayana mafuta, hayana pilipili, hayana nyanya, chakula cha mtu anayejua adui yake. Akaiweka kati yetu, akachukua tonge la kwanza.

"Kula na mimi. Matonge matano, halafu unapumzika. Nitahesabu."

Nikala. Nilipofika la tano akasema hilo ni la nne, lile la kwanza lilikuwa dogo. Nikabisha. Akabisha. Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka, mpaka nikasikia.

Binti akaja na jagi la maji kutunawisha. Siku kama hiyo binti hasemi kitu, anapita tu kama mvuke. Nikanawa, nikatoa kidonge changu, nikamwomba maji kidogo kwenye glasi. Alikitazama kidonge. Akamtazama bibi yake. Kukaa kimya kukamshinda.

"Mjomba, samahani. Hicho unakunywa sasa?"

"Ndiyo. Baada ya kula."

"Kila siku hivyo?"

"Kila siku. Miezi miwili."

"Hicho ni cha kabla, Mjomba. Nusu saa kabla. Ukishakula kimechelewa, tumbo limeshaanza kazi." Akaona watu wote wanamtazama, akainua jagi kama ngao. "Na si kwa kila mtu kinamaliza yote. Lakini hivyo unavyofanya, unakionea bure."

"Hajaolewa," baba yake akasema, "na ameshaanza kusahihisha wakwe."

Niliwaambia ukweli, kwamba daktari alisema hivyo hivyo na mimi nikaomba punguzo. Bibi alifunga macho kwa muda. Kisha akavuta birika, akamimina chai, akaonja, akanipa.

Nikaishika. Ilikuwa na tangawizi, moto, sukari tele, kila kitu nilichokatazwa kwa lugha tatu. Nikanywa nusu. Nilipotaka kuteremsha kikombe nikaona mkono wa mpwa wangu juu ya goti lake, vidole vimekaza. Nikanywa na nusu nyingine.

"Haya," akasema baba wa binti. "Sasa tunaweza kuongea."

Na tuliongea. Nasikia nilibishana vizuri. Mimi nakumbuka tu kwamba muda wote nilikuwa nasikiliza kifua changu kama mtu anayesubiri kugongewa mlango, na hakuna aliyegonga. Tulipopita Karuzi tukirudi, moto ukaja. Ilikuwa chai, au zile kona, au tonge la sita ambalo Bibi anaapa lilikuwa la tano? Sijui. Nilikaa wima mpaka Gitega.

Tangu siku ile nakunywa kidonge asubuhi kabla ya kitu chochote, nangoja nusu saa nikiwa nafungua duka, ndiyo nakula, na kidogo. Mafuta nimeacha, karibu yote. Kitanda nimekiinua upande wa kichwa kwa matofali mawili. Moto umepungua. Kwenye kifuniko cha boksi, wiki ambayo ilikuwa na siku sita za moto sasa ina mbili, wakati mwingine tatu. Lakini kama ni kidonge, au matofali, au wali mweupe, siwezi kuapa, kwa sababu nilibadilisha vyote kwa pamoja, kosa ambalo hata mtoto anayejifunza kuuza karanga hafanyi. Daktari nilipomweleza alisema tuendelee hivyo, nirudi mwezi ujao aone kama nyongo yenyewe ndiyo inasumbua. Nikaitikia masharti yote. Nilijikuta nageuka mlangoni nikitaka kusema neno, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata niliyahesabu mawe. Kumi na saba. Nikayahesabu tena. Kumi na saba. Halijawahi kutokea tangu niyapate, na sikujua nifurahi au niogope.

Jibu lilikuja kwa simu. Baba wa binti alipiga kunipa siku ya ndoa, na mwishoni akasema, "Mama anakusalimu. Anasema jiwe lako moja lilibaki mkekani. Amelifunga kwenye karatasi, utalichukua siku hiyo, na uje na njaa."

"Ni jiwe zima," nikauliza, "au ni kipande?"

"Ngoja nimuulize."

Nikamsikia anaweka simu chini, nikasikia kandambili zake zinakwenda uani, nikasikia sauti ya Bibi kwa mbali inaanza kujibu kitu kirefu. Halafu mtandao ukakatika.