Kibao cha Mama Mkwe

Kazi yangu ilikuwa vibao vya kando ya barabara. Si vya matangazo ya biashara, la. Nilimimina saruji ndani ya fremu ya mbao, na kabla haijakauka nikachora maneno kwa msumari, kwa herufi za Kiarabu ambazo hata bibi vizee wa kwetu huzisoma: lango hili walilijenga fulani na fulani walipotimiza ndoa yao kuu, ile harusi ya kumpa mwanamume heshima mjini, hapa palikuwa na ukuta wa mji, kisima hiki ni cha zamani kuliko msikiti. Kutoka Moroni hadi kupita Itsandra, ukiona kibao kimeinama kidogo upande wa kulia, ujue hicho ni changu.

Mama mkwe wangu hakuvipenda hata kidogo. "Majina ya wanaume matupu," alikuwa akisema. "Kwani hao walizaliwa na malango?"

Nilicheka kwa adabu, maana nilikuwa nakaa kwake. Visiwani kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na nyumba hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Mimi ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Nilivuka bahari nikamfuata mke wangu kisiwani kwao, Moroni, kwenye vichochoro vya Badjanani, na sanduku langu la zana.

Kisha Nzwani ikatangaza kujitenga na visiwa vingine. Wakubwa wakakaa kuzungumza, mazungumzo yakavunjika, na hasira za Moroni zikatuangukia sisi Wanzwani tuliokuwa karibu. Pale sokoni Volo Volo wauzaji wa kwetu walimwagiwa mboga zao chini. Lafudhi yangu, iliyokuwa ikitaniwa miaka yote, sasa ikawa balaa: nikifungua mdomo kuulizia vitunguu, watu wanageuka. Tukasikia vijana wanapita nyumba hadi nyumba, wanawatoa Wanzwani na kuwapeleka bandarini. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Niliogopa, sifichi. Niliogopa nitapakiwa kwenye meli na mtoto wangu azaliwe mimi sipo.

"Bora niondoke mwenyewe kabla hawajaja," nilimwambia mama mkwe.

"Acha upuuzi. Saruji imebaki?"

"Ipo kidogo."

"Basi nitengenezee kibao. Leo hii."

Jamani! Watu wanakimbia na roho zao, yeye anataka kibao. Nilidhani uzee umemzidi. Lakini ndani ya nyumba yake hubishani naye. Alinisimamia uani, uso umepakwa msandali wa kusaga wa urembo, akinitajia neno baada ya neno, na nilipotaka kuongeza ua pembeni alinikemea kama mtoto. Kesho yake kilipokauka nikakipachika ukutani, kando ya mlango.

Walikuja baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mke wangu kanishika mkono mpaka kucha zinaniingia. Mama mkwe alitoka, akakaa kizingitini.

"Mama, tunamtaka yule Mnzwani," sauti moja ikasema.

"Someni kwanza."

Mmoja wao akasoma, taratibu: "Nyumba hii ni ya mwanamke. Alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Wanaume wote waliomo ni wageni."

"Haya," mama mkwe akasema. "Wewe unalala kwa nani? Mkeo namjua, hata mlango unaofunga usiku ni wake. Na wewe huyo unayejificha nyuma? Mgeni wangu mtoeni. Ila kesho asubuhi nitakwenda kwa mama wakwe zenu, mmoja mmoja, niwaambie kuwa siku hizi wageni wanatolewa."

Halafu mtu akacheka. Wallahi, sijapata kusikia kicheko kitamu kama kile. Wa pili naye akacheka, kisha yule wa kwanza akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli binti wa nyumba ni mjamzito. Akaambiwa ndiyo. Akamwombea ajifungue salama, na wakaenda zao. Nilikaa pale pale sakafuni, nikalia na kucheka kwa pamoja, na mke wangu akinipiga bega eti ninyamaze.

Binti yetu alizaliwa nami nipo. Bibi yake alimtoa mpaka mlangoni akamwonyesha kibao. "Nyumba hii yako," akamwambia.

Njia za bahari zilipofunguka nilikwenda Mutsamudu kumwona mama yangu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akataka kibao kama kile kwa ajili ya nyumba yake anayokaa na dada yangu, maana mume wa dada ni mtu wa Moroni, na siku zote zile naye alikuwa amejifungia ndani kwa woga. Nikamimina saruji uani, nikachora maneno yale yale.

Nilipokuwa nakipachika, mama alisimama nyuma yangu akayasoma yote mpaka mwisho.

"Kimekaa vizuri," akasema. "Sasa mwanangu, nyumbani kwa mkeo unarudi lini?"