Aliyemwosha Mama Yema

Baindu Sandi hakuwa ndugu yetu. Naanza na hilo kwa sababu hapa mjini Njagbahun wapo wanaosema namtetea kwa kuwa ni damu yangu, na kwamba ujane umenilegeza kichwa. Ukoo wa Ngevao, nilikoolewa mimi, umetoa walimu wakuu wawili, katekista mmoja, na kungwi mkuu wa Sande, chama cha wanawake, ambaye ni mama mkwe wangu Yema. Baindu alikuwa mkulima wa mpunga. Hakwenda shule hata siku moja. Kazi iliyompa jina ni kuosha wanawake waliokufa.

Aliirithi kwa shangazi yake. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mcheshi hata mahali pasipofaa ucheshi. Akiosha maiti alizungumza naye. Sisi tuliokaa nje tulimsikia: "Inua mkono, shoga, usinifanyie uvivu leo. Mumeo yuko pale uani analia kama mbuzi, ungemwona ungecheka." Wanawake walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Alijua kufunga taya kabla halijakaza, alijua kusuka nywele za marehemu zisiharibike njiani. Akimaliza, bakuli la kwanza la wali na kisamvu lilikuwa lake. Mumewe alikufa vitani akamwachia binti mmoja, Tenneh, ambaye mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa akijifunza ushonaji.

Mwaka huo Ebola ilivuka mpaka kutoka Guinea. Wizara ilileta karatasi, na mimi ndiye niliyewasomea watu kanisani na msikitini, kwa lugha yetu, neno kwa neno. Usimguse mgonjwa. Usioshe maiti. Piga simu, timu ya mazishi ije. Mzee mmoja aliuliza kama mwanamke wa Sande naye atabebwa na wanaume. Nilimjibu kwamba ugonjwa hauchagui. Nilijibu vizuri, nilikuwa nimewajibu watoto wa darasa la sita kwa miaka thelathini.

Mwezi wa nane Mama Yema alimpokea msichana mgonjwa kutoka Daru, akamkanda kwa dawa za majani. Msichana aliondoka. Siku kumi baadaye mama akashikwa na homa, kisha akatapika, kisha siku ya sita ikaanza kwikwi isiyokoma. Kwikwi ilitajwa kwenye ile karatasi, kati ya dalili. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Nilitoa glavu za kusafishia vyoo vya shule nikazivaa, nikamlisha uji kwa kijiko kirefu. Majirani walipouliza, niliwaambia ni presha.

Alikufa alfajiri ya Alhamisi. Namba ya simu niliijua kwa kichwa. Lakini nikipiga, wanaume wangemshika kungwi mkuu, mwili ambao mwanaume haruhusiwi hata kuutazama, wangemtia kwenye mfuko, na nyumba ya Ngevao ingezungushiwa kamba mbele ya macho ya mji wote. Shemeji yangu Lansana alisema kwa simu kutoka Bo kwamba mama yake asizikwe kama takataka, na kwamba msomi wa nyumba ni mimi. Nikatuma mtu amwite Baindu.

Alikuja na wasichana wawili wa kumshikia ndoo. Alisimama mlangoni, kanga kifuani, akanitazama glavu, ambazo nilikuwa nimesahau kuzivua.

"Mwalimu, mama alikuwa na nini?"

"Presha."

"Presha tu?"

"Presha tu, dada Baindu."

Aliwaambia wasichana wabaki nje. Akaingia peke yake, akafunga mlango. Siku hiyo hatukusikia mzaha hata mmoja. Kabla ya adhuhuri mama alikuwa ardhini, amesukwa, ameheshimika.

Siku ya kumi na moja Baindu alianza homa. Siku ya kumi na tatu, Tenneh. Gari la wagonjwa liliwachukua wote wawili, nyumba yao ikapuliziwa dawa, magodoro yakachomwa uani. Tenneh alifia kituoni akazikwa huko huko, kwenye safu, chini ya kibao chenye namba. Baindu alirudi baada ya wiki tano, amekonda, mkononi ana cheti cha kuthibitisha kwamba amepona. Hakujua kukisoma. Alikuwa akimwonyesha kila mtu, na watu walirudi nyuma hatua mbili ili kukisoma.

Wapelelezi wa afya walipomuuliza kule kituoni aliowaosha mwezi ule, alitaja watatu, Mama Yema na mwanamke mmoja wa kijiji cha Foindu wakiwemo. Kwa hiyo nami nilifungiwa nyumbani siku ishirini na moja, kungoja kama nitaugua. Nilitoka mzima. Hapo watu wakapata hesabu yao: mnaona, nyumba ya Ngevao ilikuwa safi, Baindu aliutoa ugonjwa Foindu, akaleta kifo mjini, akamuua mwanawe kwa mikono yake.

Chifu aliitisha baraza. Baindu alikalishwa peke yake kwenye benchi upande wa jua. Chifu aliniuliza mbele ya wote mama mkwe wangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nilisimama, nikasema presha. Nilitazamia Baindu apige kelele. Alinitazama muda mrefu, kisha akaitazama mikono yake. Waliamua akakae shambani mpaka mji upoe.

Mji haukupoa. Siku za soko akija na pilipili zake, wanawake bombani walimwambia, "Simama hapo hapo, shoga, ndoo yako tutakujazia sisi." Walijaza kweli, kisha waliisukuma kwa mguu. Vijana walevi wa mvinyo wa mawese walikuwa na mchezo wao: anayeshindwa kulipa aende akamshike Baindu mkono. Mwenyewe alianza kutembea amekunja mikono, viganja ameficha kwapani. Mtoto mchanga akilia karibu naye, Baindu hakumtazama. Mzaha ulimtoka wote, kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

Mwaka wa pili kiangazi alikufa mke wa katekista. Marufuku ya kuosha ilikuwa imeondolewa, lakini waliojua kazi ile walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja, naye hakuitwa. Nilipoinama juu ya jeneza nikaona taya limeachwa wazi. Kesho yake nilivaa viatu vya kutembelea nikaenda shambani.

Nilimkuta anapalilia. Akaniambia nikae kwenye gogo, kwa kuwa kigoda kina mguu mbovu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka matatu.

"Haikuwa presha, dada."

Aliendelea kung'oa majani. "Najua. Nilimfungua mdomo, Mwalimu. Presha gani inayotoa damu kwenye fizi namna ile?"

Nilimuuliza kwa nini hakutoka mle chumbani mbio. Alisema ukishammwagia mtu maji humwachi nusu. Alisema pia kwamba angetoka, wale wasichana wangetangaza mji mzima, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimenyooka kama siku ya kugawa vyeti. "Nikakuonea haya," alisema. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alifunga mikono kwa mifuko ya plastiki, alijihadhari alivyoweza, lakini alipofika nyumbani alivua nguo akaziacha kwenye beseni, akalala kwa uchovu. Alipoamka Tenneh alikuwa amezifua.

"Ningemwambia nini asizifue? Wewe ulisema presha. Mimi ningesema siyo presha, ningekuwa nimekutukana."

 Nilimuuliza anataka nini kwangu, nikidhani atasema arudi mjini. Alitaka siku ya arobaini ya Tenneh. Hakuna aliyempikia wali wa kuvuka maji, ule watu wanaokula pamoja ili marehemu avuke kwenda kwa waliotangulia, kwa sababu hakuna ambaye angekula. Miaka miwili binti amekaa ng'ambo hii, anatazama wenzake wanapita.

"Wali si wangu wa kula peke yangu," alisema. "Lazima mji ule. Na mji hauli mkononi mwangu mpaka mtu aseme nilivyoupata ugonjwa. Nikisema mimi, ni domo la Baindu. Ukisema wewe, ni Ngevao."

Nilisema. Nilimwomba chifu baraza, nikasimama mahali pale pale, nikataja msichana wa Daru, kwikwi, glavu. Nilitaja kila kitu kwa mpangilio, maana nimezoea kupanga. Chifu aliuliza kama nina homa. Kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe ile karatasi ulitusomea sisi tu," na wengine wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Lansana alikuja kutoka Bo siku ya pili. Hakuketi. Alisema, "Shemeji, umemfukua mama," akachukua picha ya mama yake ukutani, akaondoka nayo.

Jumamosi tukapika kwenye uwanja wa nyumba ya Baindu ya mjini, mimi na yeye. Nilifikiri wakiniona mimi mwenye mwiko watakuja. Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Jina la Ngevao ndilo lingewaleta, na jina hilo nilikuwa nimelitumia lote barazani. Mchana kutwa watu walipita njiani wakituamkia kwa upole, wakisema wametoka kula. Walikuja bibi wawili ambao hawaogopi kitu tena. Wale wasichana wa ndoo, sasa ni wake za watu, walisimama kwenye ua. Mmoja aliingia, akanawa, akala tonge tatu akilia, kamasi mpaka mdomoni. Mwenzake alishindwa kuvuka kizingiti, akaondoka.

Watu watano, tukijihesabu wenyewe. Baindu alitenga sehemu ya Tenneh kwenye jani la mgomba, akaenda kuiweka mtoni. Aliporudi nilimuuliza kama inatosha, kama binti atavuka kwa vinywa vitano.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Karatasi zako hazikuandika?"

Halikuwa tusi. Alikuwa anauliza kweli. Nilimwambia hazikuandika. Akatikisa kichwa, akafunika sufuria iliyokuwa bado nzito, akaipandisha kichwani, arudi shambani kabla ya jua kuzama. Nilinyoosha mikono nimsaidie kuibeba. Alirudi nyuma hatua mbili.