Waya wa Trela

Fundi cherehani yule alikuwa mjane mwenye hasira za karibu, ila kinyongo hakukijua. Alipoacha kazi ya kushona alinunua trela kuukuu la kulala watu wawili, akaapa kwamba yeye na wifi yake watakwenda kupiga kambi ziwani kabla magoti hayajawagomea. Trela lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, friji dogo na feni. Halikuwa na waya wa kulivutia umeme.

"Waya ni waya tu," alisema wifi, akaleta ekstensheni ya kupigia pasi.

Wakaijaribu uani, wakiipitisha dirishani. Friji likanguruma, birika la umeme likaanza kuimba, mara harufu ya plastiki inayoungua ikajaa trela zima. Waya ulikuwa wa moto kama kikaango. Fundi aliuchomoa huku akiwataja wazee wa wifi yake mmoja mmoja.

Akaenda dukani. Muuza vifaa vya umeme hakuinua macho kwenye simu.

"Nataka waya mnene wa trela, usiopata moto."

"Huu hapa, mama. Huu hata mashine ya kusaga unaendesha."

Akaubeba begani mpaka nyumbani. Kichwa cha waya kilikuwa bapa. Mdomo wa trela wa kupokea umeme ulikuwa wa duara, wenye pini ndani. Akaurudisha. Akapewa wa kichwa cha duara, kumbe nacho kina pini.

"Sasa pini na pini zikikutana zitafanya nini, mwanangu? Zitaamkiana?"

"Hukusema, mama."

"Hukuuliza!"

Safari ya tatu alilivuta trela lenyewe kwa gari hadi mlangoni mwa duka, akaziba njia. Madereva wakapiga honi, wengine wakatukana. Muuzaji akatoka mbio, na kwa mara ya kwanza akatazama alichokuwa akiulizwa. Waya ukapatikana, ukaingia sawasawa.

Ziwani wifi alichagua mahali pa raha: mbele maji, nyuma kivuli. Fundi akaukunjua waya kuelekea nguzo ya umeme ya kambi. Ukaisha njiani. Akauvuta, akauvuta tena, kana kwamba ungeona haya na kurefuka.

"Umepima watu viuno maisha yako yote," wifi akasema taratibu, "huu ukakushinda?"

Fundi alimwomba mlinzi wa kambi ekstensheni ya kuungia. Mlinzi akatikisa kichwa.

"Nyasi zimelowa. Maungio yakigusa maji, nitawazika, mama zangu. Sogezeni trela."

Nguzo iliyobaki na nafasi karibu yake ilikuwa ile ya vyooni.

Basi wakalala huko. Friji lilinguruma vizuri, na feni ikawapulizia kila kilichokuwa hewani. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi aligeukia ukutani, akavuta shuka hadi puani.

"Tukirudi tunanunua mrefu," alisema. "Na utakwenda wewe kuongea na yule muuzaji. Mimi nitamng'ata."