Mado iko muzima, na miye nimemulilia

Leo nimelilia mujukuu wangu, na yeye hakufa.

Mado aliniita kwa ekspo yake, kule banaonyesha picha za kuchora.

Naingia: foto yake kubwa pa ukuta, maua chini, bantu bamevaa nyeusi, bote kimya.
Weye ungefikiri nini?

Nikafungua kitambaa pa kichwa, nikaanguka chini: «Mado wangu, unaniachia nani?»

Bakapiga makofi!
Banani balibalea?

Mado akatoka nyuma, anacheka. «Kambo, bibi yangu, haiko kilio! Ni kazi yangu. Kesho urudie kulia vile, bantu bamependa sana.»

Nirudie?
Nimemukamata mukono mpaka nyumba, sijamuachilia bado.

Munijibu, benye kusoma: muntu anapumua, munamuwekea maua chini kwa nini?