Mbuzi wa msamaha amemfunga mdogo wangu

Admin, shikamoo. Jina langu lifiche, na la mdogo wangu pia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Nyamitaba, Masisi. Nafundisha chuo kikuu. Kazi yangu ni kueleza jinsi polisi wanavyohoji watu, na kwa nini mtu asiye na kosa hukubali kosa. Cheka ukitaka. Elimu hiyo yote haijamsaidia ndugu yangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu alikuwa akiuza maharage Mpofi, kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja. Depo ikaungua, na mzee aliyekuwa akiilinda akafia ndani. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa njiani akitoka Muheto, lori limekwama kwenye matope. Dereva wa lori hilo hatujamwona tena hadi leo. Polisi wakamkamata mdogo wangu. Hawakumpiga hata kofi. Walimsimulia tu hadithi moja asubuhi na jioni: bidoni ya petroli, kiberiti, mlango wa nyuma.

Mama akaenda kumpelekea chakula kwenye kashoo ya polisi. Kwetu mtu akikubali kosa, familia yake hubeba kasiksi, pombe ya ndizi, na mbuzi, watu wanakunywa pamoja, neno limekwisha. Mama akamwambia, "Kubali tu, mutoto wangu. Tutaomba musamaha, bitaisha."

Akakubali. Mama akapeleka mbuzi kwa familia ya marehemu, wakampokea vizuri, wakalia pamoja. Mama alirudi nyumbani akiimba.

Kwenye tribinali yule mbuzi akageuka shahidi. Mtoto wa marehemu alisimama akasema, "Mama yake alituletea mbuzi. Alikuwa anaomba musamaha ya nini, kama mutoto wake hana kosa?" Nilitaka kueleza, jaji akanikata: "Madame, wewe ni dada yake. Kaa." Mdogo wangu akahukumiwa kifungo cha maisha. Nilikaa pale na diplomu zangu kama mjinga.

Wakili amekata rufaa. Anasema imebaki njia moja: mama asimame aseme ni yeye aliyemshauri mwanawe akubali, na mbuzi alikuwa wa kumtoa mwanawe kifungoni tu. Lakini mama ana tansio, presha ya damu, na moyo wake si mzima. Siku ya hukumu hakuwepo, na mpaka sasa anaamini kesi inachelewa kwa sababu familia ya marehemu haijaenda kumwombea kwa jaji. Hajui kwamba mdomo wake ndio uliofunga mlango.

Nilienda kumwona mdogo wangu gerezani nimweleze. Alinishika mkono: "Dada, usiambie mama. Atakufa." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, uko na hakika sikufanya? Kila nikilala naona ile bidoni. Pengine njo mimi."

Hali hiyo naifahamu. Naifundisha kila mwaka. Mtu akifika hapo, kumrudisha ni kazi ngumu, na kule ndani hakuna wa kumrudisha.

Ndugu zangu, msiniambie niombe Mungu, mama anaomba kutosha kwa ukoo mzima. Niambieni hili tu: nimpeleke mama mbele ya jaji ajue alichomfanyia mwanawe, ama nimwache mdogo wangu aozee gerezani akiamini ameua mtu? Nichague yupi?