Ngazi Zisizo Kwenye Fomu
Nilienda kupimwa ulemavu katika hospitali moja Meru nikiwa na hofu mbili. Daktari akiandika kwamba ulemavu wangu ni mkubwa, shule ninayofundisha huko Kibirichia ingeweza kuniachisha kazi. Akiandika ni mdogo, ningenyimwa kadi ya watu wenye ulemavu. Alipima mguu wangu kwa tepu.

“Mwalimu, shida yako hasa ni nini?” akauliza mwishowe.

“Mguu nimeuzoea, daktari. Ngazi za kwenda darasani ndizo zinanishinda.”

Akaitazama fomu. “Hapa hakuna mahali pa kuandika ngazi.”

Hata hivyo aliziandika pembeni. Mwalimu mkuu alipoisoma fomu niliyompelekea, alihamishia darasa langu ghorofa ya chini. Kadi bado naisubiri, na kila simu ikilia nadhani ni kuhusu hiyo kadi.